Nambari 14096 na Daftari la Mwuza Silaha

Asubuhi ya tarehe 10 Julai 1873, mshairi Mfaransa Paul Verlaine aliingia katika duka la silaha la Montigny, kwenye Galeries Saint-Hubert mjini Brussels, akanunua bastola ndogo ya mfukoni yenye silinda ya risasi sita pamoja na boksi la risasi 50. Bastola ilimgharimu faranga 23. Mchana akanywa. Alasiri, katika chumba cha hoteli ya À la Ville de Courtrai, alimfyatulia risasi mbili Arthur Rimbaud, kijana wa miaka 18, mshairi mwenzake na mpenzi wake, aliyekuwa amemwambia kwamba anarudi Paris. Risasi moja ilimpata Rimbaud kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, nyingine ikakosa. Jeraha lilifungwa hospitalini, kisha wote wawili pamoja na mama yake Verlaine wakashika njia ya kwenda kituo cha treni. Huko njiani Verlaine alitia mkono mfukoni, mfuko uleule wenye bastola, na Rimbaud akamkimbilia polisi. Tarehe 8 Agosti mahakama ilimhukumu Verlaine kifungo cha miaka miwili. Bastola hiyohiyo ilipopigwa mnada na Christie's mjini Paris tarehe 30 Novemba 2016, miaka 143 baada ya mauzo ya kwanza, ilifika euro 434,500, ilhali makadirio yaliyotangulia mnada hayakuzidi 60,000.

Ukiitazama kwa macho tu, huoni kinachoieleza bei hiyo. Ni silaha ya kaliba ya milimita 7, ya aina iitwayo Lefaucheux, umbo ambalo karakana za Ubelgiji na Ufaransa zilikuwa zikilitoa kwa wingi mkubwa katika nusu ya pili ya karne ya 19. Wasafiri na wenye maduka walizinunua kama watu wa leo wanavyonunua tochi, na ndugu zake hupatikana hadi sasa katika masoko ya vitu vya kale kote Ulaya bila mtu kugeuka kuzitazama. Kilichonunuliwa Paris kilikuwa mkutano wa vitu viwili: nambari 14096 iliyogongwa kwenye chuma, na nambari hiyohiyo iliyoandikwa kwa wino katika daftari la Montigny. Hapo ndipo ilipo hoja ninayotaka kuitetea. Alama na umbo la bastola ya kale hujibu swali la “hii ni nini” na, kwa bahati nzuri, “ni ya lini”. Swali la “ilikuwa mkononi mwa nani” alama hazilijibu zenyewe. Kulijibu kunahitaji karatasi, na karatasi hiyo ina thamani pale tu ilipoandikwa na mtu ambaye wakati wa kuandika hakuwa na faida yoyote ya kupata kutokana na umaarufu wa silaha. Wakusanyaji wengi wanalijua jambo hili kwa mdomo, ila mnadani wanalisahau.

Tuanze na alama zenyewe, kwa sababu ndizo zinazowapoteza wengi. Mji wa Liège, mashariki mwa Ubelgiji ya leo, ulikuwa na nyumba ya majaribio ya silaha tangu 1672, enzi za Askofu-Mtawala Maximilian Henry wa Bavaria. Kazi ya nyumba hiyo ilikuwa kuupakia mtutu baruti kupita kipimo chake cha kawaida, kuufyatua, na kutazama kama utapasuka. Uliosalimika ulipigwa muhuri ukaruhusiwa kuuzwa. Amri ya Napoleon ya mwaka 1810 iliutia utaratibu huo katika sheria ya dola yake, na katika zama hizo ikazaliwa alama ambayo hakuna mkusanyaji asiyeijua: herufi E, L na G ndani ya duara lenye umbo la yai, kifupi cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya “jaribio la Liège”. Kwenye rivolva mara nyingi iko juu ya silinda, maana humo ndimo baruti inamolipukia. Mwaka 1893 taji dogo liliongezwa juu ya yai, na mwaka uliofuata ikafuata herufi R yenye taji kwa mitutu iliyochongwa mifuo ndani.

Taji hilo dogo, ambalo mtu hulitafuta kwa lenzi, limezima ndoto nyingi. Anayeleta bastola ya Liège akidai kwamba ilikuwa ya babu yake aliyepigana vita vya 1870, na silinda ikaonekana ina taji juu ya yai, mazungumzo yake yameisha, kwa kuwa alama ile haikuwapo duniani wakati babu anapigana. Kinyume chake hakina nguvu ileile. Yai lisilo na taji linasema tu kwamba silaha ilipita nyumba ya majaribio kabla ya 1893, na hapo ndani kuna miongo mingi na silaha zisizohesabika. Alama, kwa hiyo, ni hodari wa kukataa na ni mvivu wa kukubali. Sababu yake si fumbo. Aliyegonga ELG hakuwa akiandika historia. Alikuwa akimhakikishia mnunuzi kwamba chuma hiki hakitampasukia usoni. Jina la fundi halikumhusu, na jina la mnunuzi halikumhusu hata kidogo. Kila alama juu ya silaha iligongwa na taasisi yenye haja yake: serikali ilitaka usalama au mapato, jeshi lilitaka kujua mali yake, mvumbuzi alitaka kulinda hataza yake, kiwanda kilitaka vipande vya bastola moja visichanganyike na vya nyingine mezani kwa fundi. Anayezisoma leo kana kwamba ziliandikwa kwa ajili yake atazisoma vibaya.

Jina Lefaucheux lenyewe ni mtego wa namna hiyo. Casimir Lefaucheux, fundi wa Paris, ndiye aliyeistawisha katika miaka ya 1830 bunduki inayokunjuka na kupakiwa kwa nyuma, na mwanawe Eugène akachukua hataza ya rivolva mwaka 1854. Jeshi la majini la Ufaransa liliipokea ya milimita 12 mwaka 1858. Siri yake ilikuwa risasi yenye pini. Ganda la shaba lilibeba fataki ndani yake, na pini ndogo ikachomoza ubavuni mwa ganda kama mwiba. Nyundo ya bastola ilishuka kutoka juu, ikaigonga pini, pini ikaigonga fataki. Ndiyo maana silinda ya bastola ya namna hii ina vijimwanya kwenye ukingo wake wa nyuma, kila tundu na kijimwanya chake cha kupitishia pini, na ndiyo maana mtu aliyewahi kuiona moja hawezi kuichanganya na nyingine yoyote. Hakuna mwandiko unaohitajika: umbo limejitaja. Hataza zilipokwisha nguvu, na hata kabla, karakana za Liège na kwingineko zikaiga, na jina la mvumbuzi likawa jina la aina nzima, kama vile kwetu kila dawa ya meno ilivyokuwa Kolgeti. Silaha iliyotoka kwa Lefaucheux mwenyewe ilikuwa na jina lake juu ya mtutu, na ubavuni herufi LF mbele ya nambari. Orodha ya mnada inaposema tu “Lefaucheux”, basi, imesema habari ya pini na vijimwanya. Kuhusu karakana haijasema kitu.

Mkaguzi mwangalifu huendelea kutoka hapo kwa kutazama yale ambayo hakuna aliyeyagonga. Je, kiunzi kiko wazi juu ya silinda, au kuna upau wa chuma uliopita juu yake? Bila upau ni mtindo wa mwanzo, wenye upau kwa kawaida ni wa baadaye, ingawa karakana ndogo ziliendelea na mtindo wa zamani kwa muda mrefu. Kifyatulio kina kinga, au kinakunjwa chini ya kiunzi kisinase kwenye kitambaa cha mfuko? Tundu ni la milimita 5, 7, 9, 12 au 15? Mambo haya yana heshima kuliko maandishi, kwa sababu mdanganyifu mwenye nyundo na patasi anaweza kuongeza herufi usiku mmoja, lakini kubadili umbo la kiunzi bila kuacha kovu ni kazi ya fundi wa kweli, na fundi wa kweli ana shughuli nyingine. Hata hivyo umbo nalo linakomea palepale alama zinapokomea. Bastola ya Verlaine ikisomwa kwa umbo na kaliba peke yake ni bastola yoyote ya mfukoni ya zama zile.

Kilichoitoa katika kundi hilo ni tabia ya kibiashara. Duka la Montigny liliandika silaha zake daftarini kwa nambari. Polisi waliichukua bastola kama kidhibiti, baadaye ikarudi kwa mwuza silaha yuleyule, kisha miaka mingi mbele ikaingia katika mikono ya mtu binafsi. Nambari ya chuma ilipokutanishwa na nambari ya daftari, nusu mbili za ushahidi zilifungana, na kumbukumbu za mahakama, zenye maelezo ya wahusika wenyewe juu ya silaha na mahali ilikonunuliwa, zikasimama nyuma yake. Mwaka 2015 ilionyeshwa Mons, mji ambao Verlaine alifungwa, na mwaka uliofuata ikafika mnadani. Tazama waliosema: karani wa duka anayehesabu mali, polisi anayeandika jalada, hakimu anayetaka kumaliza kesi. Hakuna kati yao aliyejua kwamba yule kijana mwenye mkono uliofungwa bendeji angekuja kuwa miongoni mwa washairi wakubwa wa lugha ya Kifaransa. Kutojua kwao ndiko kunakotufanya tuwaamini.

Atapinga mtu: nambari inaweza kugongwa upya. Mwenye bastola nyingine ya milimita 7, akishajua kwamba daftari linataja 14096, anahitaji tarakimu tano tu na nyundo. Ni pingamizi la haki, na jibu lake liko katika mpangilio wa wakati. Ili kughushi nambari ni lazima kwanza mtu aijue, na ili nambari iwe na bei ni lazima kwanza iwe maarufu. Ushahidi bora ni ule ambao chuma na karatasi viliishi mbalimbali kabla ya yeyote kuwa na sababu ya kuvikutanisha, kisha vikakutana vikakubaliana. Zaidi ya hayo, chuma kilichofutwa na kugongwa upya huwa kimepungua unene mahali pale, na kingo za tarakimu mpya ni kali katika uso uliochakaa. Hilo mkaguzi huliona. Nikubali lakini kwamba daftari lenyewe likitoka katika mikono ileile inayouza bastola, nguvu ya hoja yangu hupungua nusu. Daftari linataka kuwa na historia yake ya kutunzwa, kama bastola.

Wengine watauliza kwa nini tusiwaachie wataalamu wa maabara. Rimbaud alitolewa risasi mkononi tarehe 17 Julai 1873; si ingelinganishwa na mtutu? Ulinganishaji wa mikwaruzo ya risasi kwa darubini pacha ulikuja katika miaka ya 1920, nusu karne nzima baada ya Verlaine kuhukumiwa, na unahitaji mambo mawili kwa pamoja: risasi yenyewe iliyohifadhiwa bila shaka yoyote, na mtutu usioliwa na kutu tangu siku ile. Maabara inaweza kuthibitisha kwamba bastola fulani ingeweza kufanya jambo fulani. Kutoka “ingeweza” hadi “ilifanya” kuna safari, na darubini haina miguu.

Safari hiyo inaonekana vizuri zaidi katika bastola nyingine ya Lefaucheux, nayo ya milimita 7, ambayo inahusishwa na kifo cha Vincent van Gogh. Mchoraji huyo alirudi katika nyumba ya wageni ya Ravoux, katika kijiji cha Auvers-sur-Oise kaskazini mwa Paris, jioni ya tarehe 27 Julai 1890 akiwa na jeraha la risasi, akafa tarehe 29. Silaha haikuonekana. Karibu na mwaka 1960 mkulima akilima shamba, upande ambao inaaminiwa Van Gogh alikuwa akichora, aliokota bastola iliyoliwa na kutu. Akaipeleka kwa wenye nyumba ileile ya wageni. Mwaka 2016 iliwekwa katika maonyesho ya Jumba la Makumbusho la Van Gogh mjini Amsterdam, na tarehe 19 Juni 2019 ikauzwa Paris kwa euro 162,500.

Ushahidi wake si haba. Mahali panalingana na simulizi. Kaliba inalingana na alivyoeleza daktari. Kutu inaonyesha miongo mingi ardhini. Bastola ya namna hiyo ni dhaifu, jambo linaloeleza kwa nini risasi haikupenya upande wa pili na kwa nini mtu aliyejeruhiwa aliweza kutembea hadi nyumbani. Hata hivyo kila kimoja katika hivyo ni ushahidi wa aina: aina ya kaliba, aina ya nguvu, aina ya kutu. Kutu imekula mahali pa kusomea, na hakuna karatasi ya 1890 ya kuilinganisha nayo. Silaha za mfukoni zilikuwa nyingi mno vijijini Ufaransa, na nyingi zilitupwa, zilipotea, zilizikwa. Zaidi ya hapo, wasifu wa Van Gogh uliotolewa mwaka 2011 na Steven Naifeh na Gregory White Smith ulidai kwamba hakujipiga mwenyewe, bali alipigwa na vijana waliokuwa wakichezea bastola. Wataalamu wengi hawakukubali. Lakini angalia: hata bastola hii ikiwa ndiyo yenyewe, haiwezi kuamua baina ya simulizi hizo mbili, kwa kuwa inaingia sawasawa katika zote.

Hapa lipo pingamizi zito kuliko yote, na linatoka kwa waakiolojia. Watasema kwamba mahali pa kuokotwa kitu ni hati, tena hati bora kuliko karatasi, maana ardhi haisemi uongo. Sipingi kanuni, napinga matumizi. Ardhi ni hati ikichimbwa kwa utaratibu, tabaka kwa tabaka, kila kitu kikipimwa mahali pake na kuandikwa. Plau ya mkulima hugeuza tabaka hizo kila msimu, na bastola iliyookotwa kwa plau imekwisha kung'olewa kutoka katika ukurasa wake. Kilichobaki ni neno la mwokotaji, ambalo laweza kuwa la kweli kabisa, likabaki kuwa neno. Waswahili husema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kwa biashara ya vitu vya kale methali hiyo ni ya kutisha, kwa kuwa kinachosemwa sana kuhusu silaha mara nyingi huja baadaye, kikiwa kimetengenezwa na anayeuza. Watu wa mnada wa 2019, kwa sifa yao, waliacha mlango wazi: waliieleza kuwa bastola inayoelekea kuwa ndiyo. Aliyenunua alinunua uwezekano, na tofauti ya bei kati yake na ya Verlaine, ijapokuwa Van Gogh ni maarufu mara nyingi zaidi, naisoma kama bei ya daftari lisilokuwapo.

Marekani, ambako ukusanyaji wa rivolva umekuwa karibu dini, inatoa somo hilohilo kwa namna ya makosa. Colt ya mwaka 1873, iliyochukuliwa na wapandafarasi wa jeshi, ina nambari yake mahali patatu chini ya kiunzi na kwenye uti wa mpini, herufi U.S. ubavuni ikiwa ilikuwa ya serikali, na herufi za majina ya wakaguzi. Pia ina maandishi ya hataza yanayoanza na tarehe 19 Septemba 1871. Wapya wengi husoma tarehe hiyo wakatangaza kwamba wana bastola ya 1871, mwaka ambao modeli hiyo ilikuwa haijaanza kutengenezwa. Tarehe ya hataza iliendelea kugongwa juu ya bastola zilizotoka kiwandani miaka mingi baadaye. Ni kosa la kusoma kinga ya mvumbuzi kana kwamba ni cheti cha kuzaliwa.

Kosa la pili ni la hila zaidi. Mkaguzi Orville W. Ainsworth alikagua bastola za mwanzo za mkataba wa jeshi, na herufi zake O.W.A. zimehusishwa na kikosi cha kamanda Custer kilichoangamizwa katika mapigano ya Little Bighorn mnamo Juni 1876. Matokeo yake, hizo ndizo herufi zinazoghushiwa kuliko zote. Soko hulipa alama, na alama hulitii soko. Halafu katika miaka ya 1890 jeshi lilikusanya bastola zake za zamani, likaikata mitutu ya inchi saba na nusu kuwa tano na nusu, na katika kuzisafisha na kuziunga upya mafundi hawakujali kurudisha kila kipande kwa mwenzake. Bastola ikatoka na nambari moja ya kiunzi, nyingine ya mpini, ya tatu ya silinda. Mkusanyaji anayeabudu nambari zinazolingana huitupa. Mimi nasema bastola yenye nambari zilizochanganyika, ikiwa na mtutu wa kipimo kile, ni shahidi mwaminifu wa maisha ya jeshi kuliko ile iliyotakata ambayo kila kipande kinakubaliana na kila alama inang'aa. Kutolingana kwake kuna maelezo. Ulinganifu wa ile nyingine nao udaiwe maelezo.

Colt iliyovunja rekodi inaonyesha upande wa pili. Ni nambari 55093, ambayo sherifu Pat Garrett alimwulia mhalifu Billy the Kid huko Fort Sumner, New Mexico, tarehe 14 Julai 1881. Iliuzwa na Bonhams mnamo Agosti 2021 kwa zaidi ya dola milioni 6. Garrett aliichukua kutoka kwa Billy Wilson, mmoja wa waliokamatwa pamoja na Kid mwezi Desemba 1880. Baadaye ikakaa kwa rafiki wa Garrett, Tom Powers, mwenye baa mjini El Paso. Garrett aliuawa 1908, na Powers alipofariki naye, mjane wa Garrett, Apolinaria, alikwenda mahakamani kuidai. Swali lilikuwa kama Powers aliazimwa au alikuwa amekwisha kuwa mwenyewe, mjane akashinda. Kesi ile, kwa mwanahistoria, ina faida ambayo wahusika hawakuikusudia. Pande mbili zilizokuwa zikivutana juu ya mali zilikubaliana juu ya jambo moja, kwamba bastola yenyewe ndiyo hiyo. Ushahidi uliotolewa na mahasimu bila kubishaniwa una uzito kuliko hati kumi za kiapo zilizosainiwa na wauzaji wenye furaha.

Turudi kwa yule kijana aliyepigwa mkononi, kwa kuwa habari yake na silaha za Liège haikuishia Brussels. Rimbaud aliacha mashairi, akafika Harar mwishoni mwa 1880 akiwa mfanyabiashara, na katika barua zake kutoka Aden na Harar alitaja mara kwa mara nia ya kuhamia Zanzibar, safari ambayo hakuifanya. Alichofanya ni kuongoza msafara uliobeba bunduki zipatazo 2,000 kutoka pwani ya Tadjourah mwaka 1886 hadi kwa Menelik, mfalme wa Shewa wakati huo. Menelik alimpunja bei na kumkata madeni ya mshirika wake aliyekufa, Pierre Labatut, na Rimbaud akapata kidogo kuliko alivyotarajia. Katika barua kwa familia yake mwezi Desemba 1885 alieleza bidhaa yenyewe bila haya: magobori ya fataki yaliyotupwa na majeshi ya Ulaya miaka 40 nyuma, yaliyonunuliwa kwa wauza silaha kuukuu wa Liège au Ufaransa kwa faranga saba au nane kila moja. Theluthi moja ya bei ya bastola iliyomjeruhi, kwa bunduki nzima.

Yaliyotoka Liège, yumkini, yalikuwa na lile yai la ELG. Lakini hakuna Montigny aliyeyaandika moja moja. Yalihesabiwa kwa mizigo na ngamia. Mtu akikuletea leo gobori la Liège lililotoka nyanda za juu za Ethiopia, alama zitakueleza lilijaribiwa wapi, umbo litakueleza lilibadilishwa lini kutoka gumegume kwenda fataki, na hapo utakoma. Kusema lilipita kwenye msafara wa Rimbaud ni kuuza hadithi, hata kama ni kweli.

Sheria ya kuunganisha nambari na jina katika sehemu hii ya Afrika ilikuja kutoka mji uleule wa Verlaine. Tarehe 2 Julai 1890, siku 25 kabla ya Van Gogh kujeruhiwa, mataifa yaliyokutana Brussels, pamoja na Zanzibar, yalitia saini mkataba dhidi ya biashara ya watumwa. Ndani yake mlikuwa na katazo la kuingiza silaha za kisasa barani Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Waliosamehewa, wakiwamo wasafiri waliodhaminiwa na serikali zao, walitakiwa silaha zao ziandikishwe na kugongwa muhuri, kisha wapewe kibali chenye jina la mchukuaji na mfano wa muhuri uliogongwa. Chuma na karatasi, kwa mara hii, viliamriwa vitembee pamoja. Bunduki za gumegume zisizo na mifuo ziliachiwa nafasi ya kuuzwa chini ya masharti mengine, bila jina la mtu. Kwa hiyo rivolva ya msafiri wa Kizungu aliyepita Bagamoyo katika miaka iliyofuata ina nafasi ya kupatikana katika kabrasha fulani, nambari yake na jina lake ubavu kwa ubavu. Bunduki ya mpagazi aliyetembea nyuma yake haina.